Mfereji uliochimbwa kwa kiboko

Swali lilikuja kwenye kundi letu kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika, na hatulikatai, ni swali zuri. Aliuliza: kwa nini mifereji ya kuzuia maji tunayoichimba kambini kila kiangazi, masika yakifika inakutwa imejaa udongo na hakuna aliyeizibua? Wachache walijibu haraka, uvivu. Mmoja akaandika kwamba Warundi hawapendi udongo wao. Hapo ndo tukaona tujibu kwa marefu, maana jambo hili lina umri mkubwa kuliko kambi, tena kuliko sisi wenyewe.

Tuliokaa kuandika haya wengi wetu tumekulia Musaga, kusini mwa Bujumbura, tukaondoka 2015 mitaa yetu ilipochafuka. Musaga siyo shamba. Ni nyumba zilizobanana, gereza la Mpimba, maduka, na barabara ya kitaifa namba 7 inayopanda kwenda Ijenda, ile ambayo viazi vya Mugamba vinashukia. Lakini ukikulia pale unayajua mashamba, kwa sababu yanakufuata mlangoni. Yanashuka na maji. Mvua ikipiga huko juu, mito ya Kanyosha na Muha inabadilika rangi, inakuwa kama chai ya maziwa, na ule udongo ndani yake ni shamba la mtu. Sisi watoto wa chini tulikuwa tunashangilia mafuriko. Hatukujua kuwa tunaangalia chakula cha watu kikielekea Ziwa Tanganyika.

Mteremko unaoanzia nyuma ya nyumba za Gasekebuye na kupanda mpaka kwenye mgongo wa milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile unaitwa Mumirwa. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya huko juu vinapita mita 2,000. Kati ya hapo na hapo, ukienda kama ndege, haifiki kilomita 30. Yaani ni kama paa la nyumba, na watu wanalima juu ya hilo paa: mihogo, maharage, migomba, kahawa. Watafiti waliopima mashamba ya Mumirwa yasiyo na kinga walikuta hekta moja inaweza kupoteza tani 100 za udongo kwa mwaka, hata zaidi. Hesabu wewe mwenyewe: malori kumi ya tani kumi kumi. Na familia nyingi za Burundi zinalima kama nusu hekta tu.

Kwa Kirundi mmomonyoko tunauita isuri. Neno hilo kila mtoto wa mlimani analijua, na wazee walilijua kabla mzungu hajafika. Walikuwa na njia zao: kuchanganya mazao ili ardhi isikae uchi, migomba kuzunguka rugo ambako samadi na mabaki ya jikoni yanaishia, kupumzisha shamba lililochoka. Njia hizo zilitosha watu walipokuwa wachache na ardhi ya kupumzisha ipo. Hatutaki kuwapamba wazee kwamba walikuwa malaika wa mazingira. Walifanya kilichowalipa, basi.

Wabelgiji, walioichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliliona tatizo la isuri, na tuseme ukweli, walilisoma vizuri. Walijenga kituo cha utafiti wa kilimo Kisozi, huko milimani. Njaa kubwa ya 1943 na 1944, ile ambayo ndugu zetu wa Rwanda wanaiita Ruzagayura, iliwatia hofu zaidi. Baada yake amri zikazidi. Limeni mihogo, maana inakaa ardhini ikisubiri siku mbaya. Chimbeni mitaro inayokata mlima kwa usawa, shamba baada ya shamba, na muoteshe majani pembeni yake. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa. Mtaro wa namna hiyo hauna njia ya kutokea: maji yanaingia, yanakaa, yananywewa na udongo taratibu badala ya kukimbia nao.

Shida ilikuwa kwenye mkono ulioshika amri. Mkulima alichimba kwa sababu chifu alimhesabu, na chifu alihesabu kwa sababu mzungu alimhesabu yeye. Asiyechimba alitozwa faini au alilala chini akala kiboko. Tena mtaro unakula nafasi kwenye shamba ambalo tayari ni dogo, unatoa juu udongo wa chini usio na rutuba, na mvua kubwa chache tu zinaujaza, kwa hiyo unatakiwa kuzibuliwa kila mara. Kazi hiyo yote, na mavuno ya mwaka huo hayaongezeki hata kidogo. Faida inakuja polepole, kiboko kinakuja leo.

Juu ya hayo kulikuwa na kahawa. Tangu miaka ya 1930 mlipa kodi alitakiwa kupanda mikahawa, na mikahawa ilitakiwa kufunikwa na matandazo, majani makavu yanayokinga udongo. Ni kitu kizuri, hata sisi kwenye bustani zetu tunatandaza. Lakini yale majani yalitoka wapi? Yalitoka kwenye migomba na kwenye mashamba ya chakula. Shamba la kahawa likanenepa, shamba la maharage likakonda. Ukipita huko ukaona kahawa imetandazwa vizuri ungesema hawa watu wanatunza ardhi sana, kumbe ni rutuba imehamishwa tu kutoka kwenye chungu kwenda kwenye gunia la biashara.

Hili halikuwa la Burundi peke yake, na kwa kuwa sasa tunaishi Tanzania ni vizuri tujue ya hapa pia. Kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, Waingereza walilazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Udongo mzuri wa huko ni mwembamba, ukichimba ngazi unaufukia na unaleta juu ule mbaya. Watu waliona mavuno yakishuka, wakasema, wakapuuzwa. Julai 1955 wakaandamana, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa mwaka huohuo. Kwa hiyo anayedhani kukataa mfereji ni tabia ya Warundi, aulize Morogoro.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mitaro mingi ya mlimani iliachwa, na mingine ilifukiwa makusudi. Mkulima asiyejua kusoma hakuweza kusaini hati yoyote ya uhuru, ila aliweza kuchukua jembe akafukia mtaro wa mzungu. Tunaelewa furaha hiyo. Na mvua haikuelewa furaha hiyo. Iliendelea kunyesha kwenye mlima uleule.

Sasa hapa ndipo wengi wanaishia. Wanasema mkoloni alilazimisha, watu wakakataa, hadithi imekwisha. Sisi tunaona sehemu nzito ndo inaanzia hapa, kwa sababu baada ya uhuru hakukuwa na mzungu wa kulaumiwa, na ardhi ikaendelea kushuka. Ukiangalia vizuri, kila mara unakuta jambo moja: mtu hakuwa na uhakika kama mwaka ujao atakuwepo palepale.

Tuanze na ubugererwa. Huo ulikuwa utaratibu wa mtu kulima ardhi ya mwingine kwa hisani, naye analipa kwa kazi na zawadi, na akikosana na mwenye ardhi anafukuzwa. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1977, wakati wa Rais Bagaza. Mtu anayekaa hivyo unafikiri atapanda mti? Mti unahitaji miaka, na mti ni kama sahihi: anayepanda anadai. Serikali hiyohiyo ya Bagaza ilipanda misitu mingi ya mikaratusi na misindano kwenye vilima vilivyokuwa uchi, na raia wakaitwa kwenye kazi za pamoja. Misitu ilionekana vizuri. Ilikuwa misitu ya serikali, na vita ilipokuja, ikakatwa.

Halafu kuna 1972. Hatutasimulia mauaji hapa, wengi mmeyapata kwa wazazi wenu. Tunasema la ardhi tu. Watu kwa maelfu mengi walikimbilia Tanzania, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko nyuma, hasa tambarare ya Imbo na Rumonge kwenye michikichi, mashamba yao yalipewa watu wengine, mengine yakachukuliwa na miradi ya serikali. Yule aliyepewa alikuwa akilima huku akijua kuna mwenyewe ng'ambo ya ziwa. Mwenyewe naye alikuwa anahesabu miaka. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 uliahidi waliokimbia warudishiwe mali yao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB, kusikiliza kesi. Kesi zilikuwa nyingi, na uchungu ulikuwa pande zote mbili, maana aliyeketi pale miaka 30 naye amezaa na kuzika pale. Wakati kesi inaendelea, niambieni, nani anachimba mtaro? Nani anapanda mabingobingo pembeni, akijua yatakayomea yatakuwa ya mshindi?

Waliobaki Tanzania hadithi yao ni nyingine kidogo. Katika makazi yale familia zilipewa ardhi ya kulima, eneo ambalo mtu wa Mumirwa angeliona kama ndoto, na wakawa wanauza chakula mpaka nje ya makazi yao. Zaidi ya 160,000 baadaye walipewa uraia. Ni Warundi walewale, jembe lilelile. Kilichobadilika ni kwamba waliona mbele.

Na sasa milima iliyo juu ya kichwa cha Musaga. Septemba 1999, katikati ya vita, serikali iliwatoa wakulima wa Bujumbura vijijini kwenye vilima vyao na kuwakusanya kambini, zaidi ya watu 300,000, ili waasi wasipate chakula wala maficho kwao. Kambi zilifungwa mwaka 2000 baada ya shinikizo kubwa, likiwemo la Nelson Mandela aliyekuwa msuluhishi. Lakini fikiria msimu mmoja wa mvua ambao mwenye shamba haruhusiwi kulala kwake. Anaenda saa chache, anarudi. Anang'oa mihogo inayopatikana, anakata mti ulio karibu kwa ajili ya kuni. Mtaro hauzibuliwi. Ua wa majani unaliwa na mbuzi wa kila mtu. Kaka zetu wakubwa wanakumbuka watu waliokimbilia Musaga kutoka juu wakajenga vibanda kwenye kingo za makorongo, kwa kuwa ndizo sehemu zilizobaki. Julai 2003 mapigano yalifika Musaga kwenyewe. Kwa hiyo juu udongo ulipoteza walinzi, na chini watu wakajipanga hasa kwenye njia ya maji. Ongeza mabati yanayomwaga mvua yote mara moja, ongeza mchanga na mawe yanayochimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, halafu ushangae kwa nini korongo linameza nyumba. Upande wa kaskazini wa jiji, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji na matope kutoka vilimani viliua watu zaidi ya 60, wengi usingizini.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa inajulikana. Huko Rushubi, kwenye vilima hivyohivyo vya Bujumbura vijijini, watafiti walijaribu kuunganisha mtaro na ua wa mimea: mtaro unapunguza kasi ya maji wakati mimea bado midogo, na mimea ikishika, mizizi inakamata udongo mpaka ngazi inajijenga yenyewe taratibu. Mkulima hachimbi ngazi, mlima unazijenga. Na ule ua siyo pambo. Mabingobingo na kaliandra ni chakula cha ng'ombe na mbuzi, mbuzi anatoa samadi, samadi inarudi shambani. Hapo mwanamke mwenye nusu hekta anaweza kukusikiliza, kwa sababu unamwambia habari za mbuzi, siyo habari za tani za udongo.

Tumesoma pia juu ya njia moja iliyoanza Burundi karibu na 2014 kwa msaada wa Waholanzi, ile ya mpango wa pamoja wa familia, kwa kifupi cha Kifaransa PIP. Inaanza na karatasi. Baba, mama na watoto wanachora shamba lao lilivyo leo, halafu wanachora wanavyotaka liwe baada ya miaka michache: wapi mtaro, wapi mgrivea, wapi zizi, wapi shimo la mboji. Mchoro unabandikwa ukutani. Hakuna anayelipwa kuchimba. Familia za kwanza zikifanikiwa ndizo zinazofundisha majirani, na kazi ngumu wanasaidiana kwa ikibiri, ule ushirika wa zamani wa kulimiana. Mitaro ni ileile ya Mbelgiji! Tofauti ni kwamba nani amechora mstari. Hatusemi ni muujiza, kwa kuwa karatasi haiongezi ardhi, na miradi huwa inaondoka na magari yake. Ila inagusa mahali penyewe.

Najua kuna wa kujibu hapa: tatizo ni wingi wa watu, mengine ni maneno. Kweli, sensa ya 2008 ilihesabu watu 8,053,574 kwenye nchi ya kilomita za mraba 27,834, na tangu hapo tumeongezeka. Lakini tazameni Machakos, Kenya. Miaka ya 1930 wakoloni waliiandika kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko, ikiwa na watu kama 240,000. Kufika 1990 walikuwa wamezidi mara tano, na milima ilikuwa na matuta kila upande, yale ya fanya juu ambayo wakulima walichagua wenyewe baada ya kuacha aina waliyolazimishwa. Walikuwa na soko la Nairobi karibu, walikuwa na mashamba yanayojulikana ni ya nani, na hawakufukuzwa kila miaka ishirini. Watu wengi ni mikono mingi pia, kama mikono hiyo inajua italala wapi.

Sasa turudi kwa swali la ndugu yetu wa shirika. Zunguka kambini asubuhi. Mfereji wa mradi umejaa, kweli. Lakini angalia mlangoni. Utakuta bustani za magunia zenye lengalenga, papai lililozungushiwa miba, migomba miwili inayomwagiliwa maji ya kufulia. Mama anabeba ndoo kutoka bombani, anakunywa yeye na mpapai unakunywa. Watu ni walewale wanaoitwa wavivu. Mfereji ni wa nani? Ardhi siyo yetu, kila mwaka kuna habari za kufunga kambi, na posho ya kuchimba ikiisha kazi nayo inaisha. Papai lina mwenyewe na linazaa ndani ya mwaka. Kama mnataka mifereji izibuliwe, wekeni pembeni yake kitu ambacho mwenye nyumba iliyo karibu atakivuna, na muache achague yeye ni kitu gani. Tumeona mistari iliyopandwa majani ya mbuzi ikitunzwa na watu ambao hata kwenye orodha ya posho hawakuwemo.

Na kuna jambo ambalo dada zetu kwenye kikundi walisema tusipolisema hawatasambaza maandishi haya. Burundi hakuna sheria inayompa binti urithi wa ardhi sawa na kaka yake. Mila ndiyo inayoamua, na mila inampa mwanaume. Ilhali jembe mara nyingi liko mkononi mwa mwanamke. Yaani tunamwambia mtu apande mti kwenye shamba ambalo mume akifa anaweza kuondolewa na shemeji. Walipoandika hivyo kundi likanyamaza siku nzima, na sisi vijana wa kiume hatukuwa na jibu la maana.

Wanaojiandikisha kurudi wanauliza kuhusu mgao wa mwisho, magodoro, usafiri. Sawa. Ulizeni pia kuhusu ardhi kabla hamjapanda basi. Sheria ya ardhi ya 2011 inaruhusu ofisi ya ardhi ya komine kutoa cheti baada ya majirani kuthibitisha mipaka mbele ya watu. Dada na wajane, ombeni jina lenu liandikwe kwenye hicho cheti siku hiyohiyo, majirani wakiwa bado wamesimama mpakani. Na kama mna nafasi kwenye mzigo, mbegu za kaliandra ni nyepesi. Zilowesheni usiku kucha kabla ya kusia, na mpande kwa mstari unaokata mlima, siyo unaoshuka nao.